Kuku ya Musienene mu joto ya Beni

Mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu ya Beni, ile miaka ya fujo yenye ilifuata uhuru, tulikuwa hivi: mukaka Masika, mama mwenye kuzaa papa; mama yangu Katungu; kaka yangu Kambale; na miye Kavira, kitinda mimba. Papa alibakia Musienene juu ya kuvuna viazi. Jirani alikuwa mama Zaituni, muislamu, bwana yake alikuwa anapeleka bintu na camion, lori kubwa, mupaka Kanyabayonga.

Tulikimbia vita kule Musienene na bintu kidogo. Mama alibeba kitunga ya kuku ku kichwa, akasema: "Nyungu tutaazima, kuku hapana." Ile kuku ilikuwa mbegu ya nyumba. Kama ingekufa yote, tungeanza maisha na mikono mitupu.

Sasa, batu ya Musienene tunajua baridi. Asubuhi ukungu inaingia mupaka mu sahani. Kwetu kuku inalalaka mu jikoni, karibu na mafiga, na moto haizimikake. Donc ku Beni mukaka alifanya vile vile. Jioni alikuwa anafunga kuku ndani, anaziba kila tundu na majani, anasema: "Baridi haina rafiki."

Mais Beni ni Beni. Saa sita udongo ilikuwa inaunguza nyayo, tunarukaruka sawa mahindi mu kikaango. Kuku ilikuwa inatoka mu ile jikoni midomo wazi, mabawa inaning'inia sawa koti ya kuazima. Jogoo iliacha kuwika. Siku moja tukakuta jike moja imekufa pembeni ya mafiga. Mukaka alisema ni jicho mubaya ya batu. Mama hakukula ile siku.

Mama Zaituni akakuja, akasimama ku mulango, kitenge ku pua sababu ya moshi.

"Mukaka, hizi kuku munafuga ao munapika polepole?"

"Kwetu kuku inalalaka na batu," mukaka akajibu.

"Kwenu sawa. Hapa hata batu banatamani kulala inje."

Njo akatufundisha. Kambale alilima udongo chini ya migomba, tukaimwangia maji chafu ya kusukulia sahani, kuku ikajizika mupaka shingo, macho inafungika polepole sawa bamama mu mahubiri. Mpaka leo nikisikia harufu ya udongo yenye kulowana, naona ile kuku. Maji ya kunywa tuliweka mu kipande ya nyungu, mu kivuli, ikipata moto tunabadilisha. Mahindi ni asubuhi sana na jioni, muchana hapana, juu tumbo yenye kushiba inaongeza joto. Kisha Kambale akajenga kibanda ya matete, upepo inapita.

Mais jike moja nyekundu ilikuwa imekwisha kulalia mayai mu kona ya jikoni. Ukiihamisha, itaacha mayai, yaoze. Ukiiacha, itakufa na joto sawa mwenzake. Mama alisimama pale, mikono ku kiuno.

Mukaka aliiangalia ile kuku. Kisha akainama, akapakia makaa mu kigae, akabeba moto inje, yeye mwenyewe mwenye hakukubali hata mutu aifunike majivu. "Huyu amekimbia vita mara moja," akasema. "Inatosha. Sisi njo tutahama."

Basi tukapika inje, jua ku kichwa, mvua mu sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Mama Zaituni akipita: "Kuku bamepata nyumba, bene nyumba bamekuwa bakimbizi." Mais yeye njo alileta majani ya migomba ya kumufanyia mukaka kivuli. Siku batoto ya kuku balitoka, manjano, banalia, mama alicheka. Hatukuwa tumesikia kile kicheko tangu Musienene.

Leo hapa Butembo bajukuu yangu banakula kuku ya frigo, ngumu sawa jiwe. Jua ikichoma kidogo, banalilia ventilateur, ile feni. Mumoja aliniuliza kama kuku nayo inasikiaka joto. Sibalaumu, babakie vile, bila kujua kukimbia. Mais ningependa baone mara moja tu bakubwa banatoka mu nyumba juu ya kuokoa kuku.

Weye mwenye ulikuwa mutoto ku Beni ile wakati, kama nimekosa, nirudishe ku njia. Pengine kibanda ilitangulia mayai, pengine ile jike ilikuwa nyeusi. Uniambie sasa, juu benye banaweza kunikosoa banaanza kuwa bachache.