Diski Mpya za Sajjad na Ndugu wa Kunyonya

Sajjad Hassanali anauza masufuria, mabeseni na chupa za chai karibu na gati ya Mkoani, Pemba, katika duka lililokuwa la baba yake na, kabla ya hapo, la babu yake. Babu huyo alitoka Kachi, huko India. Kwa sababu hiyo moja tu, mtaa mzima unaamini kwamba Sajjad anakijua Kihindi.

Ukweli ni kwamba Sajjad anajua Kikachi cha kuzungumza na shangazi zake, na Kipemba cha kuzungumza na dunia nzima. Kihindi cha kwenye filamu hukielewa kama mtu anavyoielewa redio ya jirani: neno hapa, wimbo pale, na katikati kelele. Mkewe, Zehra, alilelewa Dar es Salaam katika nyumba iliyotazama filamu hizo asubuhi na jioni, naye anaelewa kila kitu. Lakini hakuna aliyewahi kumuuliza, na Zehra si mtu wa kujitangaza.

Kila Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Sajjad hufunga duka na majirani huja kutazama filamu sebuleni kwake. Huja Bi Mwanapili, mwalimu wa chuo cha Kurani, aliyewafundisha nusu ya wanawake wa mtaa huo. Huja Bi Zulekha, muuza vitumbua, pamoja na Mize, mke wa mwanawe. Wanawake hujipanga kwenye makochi na zulia. Sajjad hukaa kwenye kigoda karibu na mlango na kutafsiri. Zehra huingia jikoni na kubaki humo mpaka filamu iishe. Wageni hudhani anapenda sana kupika.

Zipo diski zenye sauti ya mtafsiri, lakini Bi Mwanapili hazitaki. "Yule mtu apiga kelele kama anayenadi samaki," husema. "Sajjad hutafsiri taratibu, na mtu akifa hunyamaza kidogo."

Watoto wawili wa Sajjad wanaishi Dar es Salaam. Siku nyingine zote nyumba yake ina watu wawili na saa ya ukutani. Ijumaa ina viatu vingi mlangoni. Sajjad angekubali kulipoteza duka kabla ya kuipoteza Ijumaa.

Miaka yote hiyo ubovu wa diski zake ulimsitiri. Zilikuwa nakala za nakala, na nyuso zilionekana kama zimetazamwa kupitia mvuke wa sufuria. Sajjad akisema mtu ni mjomba, alikuwa mjomba. Akisema barua imetoka hospitali, nani angebisha?

Iliyopendwa kuliko zote ni ile waliyoiita "ya shali", kwa ajili ya shali ya msichana. Humo kijana na msichana wanatazamana, wanalia, wala hawashikani hata mikono. Walipoiona mara ya kwanza, Bi Mwanapili aliuliza, "Mbona hawasogeleani hawa?" Sajjad, ambaye hakuwa ameambulia neno, alijibu, "Ni ndugu wa kunyonya, Bi Mwanapili. Walinyonyeshwa na mama mmoja. Hawawezi kuoana." Sebule nzima ililia. Diski ilikuwa na mkwaruzo, ikakwama kabla ya mwisho, basi Sajjad akaumalizia mwenyewe: kijana alipanda meli, msichana akaolewa na daktari. Tangu hapo filamu hiyo imerudiwa mara nyingi mno, na kila mara imekwama pale pale.

Kisha watoto wakawaletea wazazi wao televisheni kubwa na deki mpya ya Blu-ray.

"Sasa tupa takataka hizi," Bi Mwanapili alisema huku akikunjua miwani yake. "Nenda Unguja ukachague diski za HD. Na sie tuyaone mapindo ya sari."

Sajjad alipanda boti akiwa na moyo mzito. Wateja wengine wa Altaf, muuza diski wa mjini, huuliza juu ya rangi na sauti. Sajjad aliomba aonyeshwe miisho tu, kwenye televisheni ya dukani.

"Huyu mzee anakufa?" aliuliza.

"Anakufa," Altaf alijibu.

"Kabla ya harusi au baada?"

"Baada."

"Basi hiyo siitaki. Kwangu alikufa kabla."

Altaf alimtazama. "Kwako wapi, Mzee Sajjad?"

"We niletee nyingine."

Hivyo ndivyo alivyochagua maktaba yake ya nyumbani. Hakuchukua filamu nzuri wala filamu maarufu. Alichukua zile zilizokubaliana na maneno yake. Moja aliichukua kwa sababu humo mwenye duka la dhahabu alikuwa mwizi kweli, jambo ambalo Sajjad alilibahatisha zamani na bado analionea fahari. Alipofika kwenye ile ya shali, Altaf aliisogeza mpaka mwisho. Kijana na msichana walikuwa wamevishwa mashada ya maua. Walikuwa wanaoana, kwa picha safi isiyo na chembe ya mvuke.

Sajjad aliirudisha rafuni kwa mikono miwili.

Ijumaa iliyofuata ilikwenda vizuri. Chini ya picha yalipita maandishi ya Kiingereza, ambayo Sajjad alitumaini yangemsaidia kidogo, lakini Bi Mwanapili aliamuru yaondolewe. "Yanafunika mapindo," alisema. Wanawake walihesabu bangili za bibi harusi, wakagundua kwamba ndevu za jambazi zimebandikwa kwa gundi, wakaondoka wakicheka.

"Na ile ya shali?" Bi Mwanapili aliuliza mlangoni.

"Haijatoka kwa HD."

"Maskini," alisema Bi Mwanapili, na usiku huo huo akampigia simu Hija, mpwa wake anayeishi Unguja.

Ijumaa ya pili Bi Mwanapili alifika mapema kuliko wote. Alifungua mkoba, akatoa diski mpya kabisa. "Hija kaipata. Mwenye duka kamwambia hata wewe uliishika, ukairudisha. Uliona ghali, si ndiyo? Basi hii zawadi yangu."

Sajjad alishukuru. Alijaribu kusema umeme hauaminiki, lakini taa zote zilikuwa zinawaka. Alijaribu kusema deki imepata moto. Mize akaishika na kusema ni baridi kama mtungi.

Filamu ilianza. Sajjad alitafsiri kama zamani, ila sauti yake ilikuwa ikipungua kadiri mwisho ulivyokaribia. Walifika pale palipokuwa na mkwaruzo, picha ikapita bila kukwama. Yakatokea maua, hina na moto mdogo katikati ya ua.

"Jamani," alisema Mize, "hawa mbona kama waoana?"

"Na nduguye!" Bi Zulekha alipiga kelele.

"Sajjad, simamisha," alisema Bi Mwanapili.

Sajjad alisimamisha. Picha iliganda wakati kijana anamvisha msichana shada, na televisheni kubwa ikaonyesha kila petali.

"Hapa wanaagana," Sajjad alisema. "Si mnakumbuka, kijana anasafiri."

"Na moto ule?"

"Baridi, Bi Mwanapili. Huko kuna baridi."

"Msichana kavaa nguo za mabega wazi!"

Jikoni kifuniko cha sufuria kilianguka, na hakuna aliyekiokota kwa muda mrefu.

Bi Mwanapili alivua miwani. "Miye nafundisha chuo. Miaka yote nimelia hapa kwa sababu watu hawa haramu kuoana. Leo waoana mbele ya macho yangu, na wazee wamekaa wanakula peremende. Haya, nambie. Alinyonya mara ngapi?"

Sajjad hakuelewa. "Nani?"

"Huyo kijana! Kwa yule mama. Kunyonya mara moja hakumfanyi mtu ndugu. Lazima tano, na za kushiba."

"Hata kwa Ithnaasheri, kina Sajjad?" Bi Zulekha aliuliza.

"Kwao kumi na tano. Nambie, Sajjad, ngapi?"

Sajjad aliona mlango wa kujinasua umefunguka, akapita. "Mbili."

"Za kushiba?"

"Moja ya kushiba. Ya pili alilala."

Wanawake walishusha pumzi kwa pamoja. Mize alipiga makofi. "Basi hawakuwa ndugu! Kwetu halali, kwa kina Sajjad halali!"

"Wamejitesa bure," alisema Bi Zulekha akijifuta macho. "Wangemuuliza mwalimu tu."

"Na wewe, Sajjad," Bi Mwanapili alisema, "kwa nini hukutwambia idadi tangu mwanzo?"

"Hamkuuliza, Bi Mwanapili."

Bi Zulekha na Mize walipotoka, Bi Mwanapili alichelewa akitafuta viatu vyake, ingawa vilikuwa mbele yake.

"Sajjad, mwanangu. Lugha ile waijua kiasi gani?"

Sajjad alitazama rafu ya diski. "Kiasi, Bi Mwanapili."

"Kiasi cha salamu?"

"Salamu," alisema Sajjad, "na bei za vyombo."

Bi Mwanapili alivaa viatu, akaaga, akaenda zake.

Wiki hiyo Sajjad aliuza beseni kwa bei ya sahani na hakujali. Alikuwa na hakika kwamba mtaa mzima umeshaambiwa. Zehra alimwambia ajitie moyo. Kisha akakumbuka ile baridi ya kwenye filamu, kicheko kikambana, akalazimika kurudi jikoni.

Ijumaa aliweka filamu ambayo hakuna mmoja wao aliyewahi kuiona, kwa kuwa hakuwa na nguvu za kuchagua. Akakaa kwenye kigoda. Viatu vya kwanza vilisikika mlangoni, kisha vya pili, na hatimaye vya Bi Mwanapili, ambaye aliketi mahali pake.

Kwenye televisheni mwanamke mwenye sanduku aliingia katika jumba kubwa, akaanza kufoka.

"Huyu nani?" aliuliza Mize.

Sajjad alifungua mdomo.

"Mke mwenza," alisema Bi Mwanapili. "Kaja kudai zamu yake. Sivyo, Sajjad?"

Sajjad alimtazama yule mwanamke, sanduku lake, na kidole alichokuwa akimnyooshea mwenye nyumba.

"Ndivyo anavyosema," alijibu.