Kimya Maana Yake Simama

Kwenye ghala la saruji, kazi ya shangazi yangu ilikuwa kurudisha malori kinyumenyume. Anasimama nyuma, dereva hamwoni, anamsikia tu: rudi, rudi, kata kulia, rudi. Walimwita Honi. Kila dereva mgeni alipewa sheria moja kabla hata ya kujibiwa salamu: usiponisikia, simama. Ukuta wa ghala lile ulikuwa bado na rangi yake ya kwanza, bila mkwaruzo wa lori.

Kisha rovu, ule uvimbe wa tezi ya shingo, likamtokea pande zote mbili, hadi likaanza kumbana pumzi. Yeye alidai kameza mfuko wa saruji. Daktari wa upasuaji akatueleza kuwa mishipa ya fahamu inayoendesha sauti imepita nyuma ya tezi hiyo hiyo, mmoja kila upande. Angetumia mashine, kila akiugusa mshipa kwa kijiti chake, mashine ingelia. Ikinyamaza, angesimama.

Shangazi akanigeukia. "Huyu angefaa ghalani."

Siku ya upasuaji, mashine ilinyamaza. Upande wa kwanza ulikuwa unakaribia kwisha. Daktari akasubiri, akagusa tena, kimya. Akashona. Upande wa pili hakuugusa, maana mishipa yote miwili ikilala, hata kupumua ni kazi. Alisema mshipa haukukatika, umeshtuka tu, na wengi hupona baada ya miezi kadhaa. Wengi. Nikamwambia shangazi asijali, ukoo wetu ni wa kuacha mambo nusu, diploma yangu ni shahidi. Hakucheka. Kucheka nako kunataka sauti.

Miezi ikapita, sauti ikabaki upepo, kama tairi linalovuja. Msimamizi wa ghala akasema aje ajaribu siku moja. Akishindwa, nafasi apewe mwingine. Filimbi ilishakataliwa na madereva: haijui kulia wala kushoto.

Nikamsindikiza. Lori la kwanza lilikuwa la Babu Breki, mwanafunzi wake wa zamani. Shangazi akasimama mahali pake nyuma ya lori, akafungua mdomo. Shingo ikakaza, kovu likang'aa. Lori halikusogea. Nikavuta pumzi nipaze sauti kwa niaba yake. Akaniwekea kiganja kifuani.

Babu Breki akaita kutoka dirishani, "Honi, upo?"

"Nipo," akasema. Nilimsikia mimi tu, niliyekuwa ubavuni kwake.

Babu Breki akangoja kidogo. Kisha akavuta breki ya mkono, akazima injini, kama alivyofundishwa.