Korongo Waliokataa Kuondoka

Mama yangu hakuwa mtu wa kuiamini mvua. Kwetu Kasense, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, manyunyu ya Oktoba yanalainisha udongo na kuwatia watu hamu, kisha jua linarudi wiki tatu na kuunguza kila kilichochipua. Kwa hiyo mvua ya kwanza ikinyesha, mama alitoka nje akaangalia bondeni. Akiwakuta korongo weupe wametua, wale wenye miguu myekundu wanaotoka Ulaya, alifungua kibuyu cha mbegu. Asipowaona, alikaa. Majirani wakipanda yeye alikaa tu, na mdomo alikuwa nao: "Pandeni, pandeni, mtanikuta hapa hapa." Na kweli walikuwa wanamkuta, wakija kuomba mbegu ya kurudishia.

Ndani ya kibuyu mlikuwa na ulezi mwekundu aliopewa na mama yake siku alipoolewa. Kila mavuno alichagua masuke bora kwa mkono, akachanganya punje na majivu, akaziba. Baadaye majirani wote walihamia kwenye mahindi ya mbegu za dukani, ulezi ule ukabaki kwake peke yake. Sisi watoto tulimcheka, na mimi ndiye niliyeongoza kucheka. Loh, mdomo wangu huu!

Kisha presha ya macho ikaanza kumpofusha. Ilichukua kama miaka miwili, mpaka siku moja akaniuliza mimi ni nani wakati nimesimama mbele yake. Ndugu zangu wako mbali. Mimi nina cherehani mjini, nashona sare za shule, basi mzigo wa kwenda kwake kila siku ukawa wangu. Akanishika mkono akasema, "Sasa wewe ndiye utakayeniangalizia ndege." Hakusema utanipikia, wala utanifulia. Alisema ndege.

Mwaka wa kwanza niliifanya kazi hiyo vizuri. Nilisubiri, nikawaona wakishuka mamia kwa mamia, nikamwambia, tukapanda. Yeye alitawanya mbegu kwa mkono wake, mimi nikamwongoza kwa kumshika kiuno. Mavuno yalikuwa mazuri, tukanywa togwa mpaka basi.

Mwaka uliofuata, mwezi wa saba, baridi ile inayopasua midomo, nilipita njia ya bondeni nikawakuta korongo kama kumi na watano wanachokora kwenye mabua makavu. Mwezi wa saba! Walitakiwa wawe wameondoka tangu mwezi wa nne. Nikasema aisee, hawa nao wamepotea, nikaendelea na safari. Nilipofika kwa mama nikamlalamikia bei ya vitambaa. Habari ya korongo haikunijia hata kichwani.

Oktoba yakanyesha manyunyu siku mbili. Asubuhi mama akauliza, "Wamefika?"

Nilikuwa na sare za darasa zima hazijashonwa, na mwalimu alishanipigia simu mara tatu anafoka. Nikatoka hadi kona ya nyumba, nikatupa jicho bondeni. Weupe nikawaona.

"Wamefika, mama."

"Wengi?"

"Wengi."

"Wametua leo, au uliwaona na jana?"

"Mama, jamani! Ndege ni ndege. Si nimekwambia wamefika?"

Mama akatabasamu, akaagiza nimletee kibuyu.

Tulipanda chote. Mama hakuwa na desturi ya kubakiza mbegu, kwa sababu ndege hawakuwahi kumwangusha. Ulezi ukachipua vizuri, na mama akawa anainama kuupapasa kwa vidole. Halafu jua likawaka. Wiki ya kwanza nilijipa moyo. Wiki ya pili nikaanza kubeba maji kwa ndoo, shamba zima, kama mwendawazimu. Wiki ya tatu mama alipopapasa, majani yalimvunjikia mkononi. Aliingia ndani.

Katikati ya Novemba ndipo wakaja wenyewe. Nilikuwa uani kwa mama naanika nguo, nikasikia kivuli kinapita usoni, nikainua macho: wametanda juu, wanazunguka, wanashuka taratibu. Jioni hiyo hiyo mvua ikanyesha, mvua kweli ya masika ya kwetu, na mama akajikokota hadi mlangoni akanyoosha mikono.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Sasa wale wa kwanza walikuwa akina nani?"

Ningeweza kujitia hamnazo. Nilishindwa. Nikamwambia ni wale ambao hawakuondoka kabisa, na kwamba mwezi wa saba niliwaona.

"Uliwaona?"

"Niliwaona, mama."

"Ukanificha?"

"Sikukuficha. Sikuona kama ni jambo."

Alirudisha ndani mikono yake iliyolowa. "Ungesema hujui tu, mwanangu. Hilo la kutojua ningelielewa."

Asubuhi yake nilipofika alinikabidhi kibuyu, kimesafishwa. "Chukua, uwekee vifungo vya sare zako." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Angenitukana ningepona.

Ulezi ule nimeutafuta. Nimeshuka hadi Matai, nimezunguka minada ya Nkasi, kila ninachoonyeshwa si chenyewe. Bwana shamba mmoja, kijana wa Mbeya, alinieleza kwamba korongo wachanga wengine hawarudi kwao mwaka wa kwanza, wanabaki huku huku. Siku hizi nawaona kila kiangazi, wamesimama kwenye baridi kana kwamba ni kwao. Bwana shamba alinieleza hayo kwa furaha, kijana wa watu. Nilimshukuru, nikaenda kulia nyuma ya ofisi yake.

Mama aliishi misimu miwili zaidi. Nilimpandia mahindi, akayala. Kila Novemba niliacha cherehani, nikapanda bodaboda, nikaenda kuangalia mpaka nihakikishe, niwahesabu, nione na wengine wanashuka. Kisha nikamkimbilia.

"Mama, wamefika! Wengi, wametua leo hii, nimewaona kwa macho yangu!"

"Haya, mwanangu," alijibu, kama mtu aliyeambiwa gari la soda limepita. Halafu akauliza kama nimeshakula.