Mtoto Asiyekuwemo Kwenye Mpango wa Somo

Katika chuo chetu cha walimu wa chekechea pale Malindi, watoto tuliojifunzia kufundisha tulikuwa sisi wenyewe. Mmoja alisimama mbele na kadi zake. Waliosalia, watu wazima na mabuibui yetu, tulijikunja kwenye viti vidogo tukajifanya tuna miaka minne. Watoto wema kama sisi hawajapata kuzaliwa. Tuliinua mikono, tuliimba kwa pamoja, rangi zote tulizijua. Nani angethubutu kumsumbua mwenzake na kesho zamu ni yake?

Isipokuwa mwenzetu mmoja wa Sabaki, mama wa watoto watano. Siku ya zamu yangu alijilaza sakafuni akamlilia mamake, na nilipomwinamia akanipiga teke la muundi. Mkufunzi wetu, bwana asiyevua tai hata jua liwake vipi, alimkaripia kwa kuniharibia somo.

"Mtoto wa namna hiyo hayumo kwenye mtaala," alisema.

"Basi wangu wote hawamo," yule mama akajibu, akajipangusa vumbi na kuketi. Nilimchukia wiki nzima.

Nilikuwa na sababu. Mama yangu alikwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba mimi ni mwalimu, na muuza mahamri alikuwa akiniita hivyo tangu nipeleke maombi ya kujiunga na chuo. Kama ningeanguka mazoezi ya kufundisha, ningepita njia gani kwenda dukani?

Kwa mazoezi nilipelekwa chekechea ya Kakuyuni. Siku ya kukaguliwa nilifika na mpango wa somo uliopigwa mistari kwa rula, kadi za rangi na wimbo wa kipepeo. Mkufunzi akaketi nyuma na faili lake, magoti yakimkaribia kidevu. Nikainua kadi nyekundu.

Hapo mtoto mmoja, aliyeletwa shuleni asubuhi hiyo kwa mara ya kwanza, akajilaza sakafuni akaanza kumlilia mamake kwa Kigiriama. Nikaimba wimbo wa kipepeo. Akazidisha. Nikaimba ubeti wa pili, na jirani yake naye akaangua kilio, kisha wa nyuma yao. Akilini nilimwona muuza mahamri waziwazi.

Nikaivua leso niliyojitanda, nikambeba mtoto mgongoni. Akanyamaza. Wale wengine, kwa kukosa kiongozi, wakanyamaza pia. Nikarudi kwenye nyekundu.

Mkufunzi akainua kalamu. "Mwalimu, kwenye mpango wako sioni mtoto wa mgongoni. Mshushe."

Niliogopa, lakini hasira ilizidi woga. Kumweka sakafuni ni kuanza matanga upya. Nikaenda hadi nyuma, nikafungua leso, nikamweka mapajani pa mkufunzi.

"Nishikie, mwalimu."

Mtoto akafumbua jicho moja, akaikamata ile tai kwa mikono miwili, akalala.

Nilifundisha rangi zote, na watoto wakazitaja. Mkufunzi hakuandika hata neno. Mkono mmoja ulikuwa chini ya kichwa cha mtoto, na ule mwingine hakuthubutu kuusogeza. Jasho lilimtiririka hadi shingoni na hakujifuta. Somo lilipokwisha nikasimama mbele yake kungoja hukumu.

Akachungulia kama mtoto bado kalala.

"Umepita," alininong'oneza. "Sasa niambie, huyu anashushwaje bila kuamka?"