Barabara ya Inyonga–Mpanda niliyoipinda kwa sababu ya mizinga ya nyuki

Wakuu, wa umri wangu shikamooni. Nyie wengine marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nimepita miaka tisini na simu naibonyeza mwenyewe. Chumvi sitaongeza, nitasema ilivyokuwa.

Juzi nimekuta uzi humu kuhusu project kufeli kwa kutoshirikisha wadau. Nilishtuka, maana kosa hilo nililifanya miaka ya hamsini.

Nilikuwa nyapara wa genge la kufyeka barabara ya Inyonga kwenda Mpanda. Bwana mpima, Mzungu, alichomeka vigingi vikanyooka, akasema nimalize kabla ya mvua, akaondoka.

Mimi niliitaka ile barabara kuliko yeye. Mke wangu Tabu alikuwa mjamzito, na mimba ya kwanza ilishaharibika. Zahanati walisema hii akajifungulie hospitali, Mpanda.

Siku ya tatu mstari wa vigingi ukafika kwenye mti wenye mzinga. Sisi Wakonongo, mti wa mzinga haukatwi mwenyewe akiwa hayupo. Vijana wakaweka mashoka chini.

Ilitakiwa nitume mtu akamtafute mwenyewe. Nikaona atanichelewesha.

"Tuzunguke kidogo," nikasema.

Mbele mzinga mwingine, tukazunguka. Ukaja wa tatu. Mwishowe tukawa tunapita katikati ya mbuga, kwenye udongo mweusi. Kiangazi udongo ule ni mgumu kama sakafu, nikajipongeza. Deadline tuliiwahi, msifikiri! Ripoti nikapeleka: kazi imekwisha.

Mvua zikaanza.

Uchungu ulimshika Tabu asubuhi. Tukapata lori la mahindi, mimi, yeye na mama yake. Kufika mbugani, matairi yakazama. Tulisukuma mpaka jua la utosi, wapi!

Akatokea mrina asali mmoja, akaweka shoka lake chini, akasukuma na sisi.

"Nyie, nani kawapitisha huku? Mbona kule juu pakavu?"

Nikamwambia ni mizinga ndiyo iliyotuzungusha. Akanitazama.

"Ile mitatu? Ya kwangu ile. Mitupu, nyuki walishahama mwaka juzi. Mngeniita ningeishusha siku hiyo hiyo."

Wakuu, nilikaa palepale kwenye tope, dereva ananiita simsikii.

Kisha mama mkwe akaniita kutoka nyuma ya lori. Mtoto ametoka, wa kiume.

Hakulia.

Nilichojifunza: kikwazo kikiwa na mwenyewe, mfuate mwenyewe. Mimi nilidhani namheshimu mwenye mizinga, kumbe namkwepa tu. Na ukibadili route, sema. Bwana mpima sikumwambia mpaka alipokuja kuiona kwa macho yake, na kazi nikafukuzwa.

Nyie mnaosimamia miradi siku hizi, watu mnawauliza kabla, au na nyie mnawazunguka? Andikeni hapa chini, nitasoma zote, hata za matusi.

Tabu hakunilaumu mpaka anaingia kaburini. Alikuwa akisema Mungu ndiye aliyepanga.

Lakini njia ile niliipanga mimi.