Waya wa Mwalimu wa Hesabu

Mwalimu wetu wa hesabu, pale kwenye darasa la watu wazima, ana waya alioukunja mwenyewe kuwa grafu ya mbili kwa kipeo x: kushoto umelala, kulia unapaa kama bei za vitu. Chini yake hunyoosha uzi mwekundu, mstari ambao grafu huukaribia lakini haiugusi. Vidole vyake vimejaa alama za pini anazotundikia vyote ubaoni. “Haibadiliki, inahama tu!” huimba. Tukikosea, hushika kiuno. “Kipeo ni x kutoa tatu, nanyi mnakimbilia kushoto! Kulia, jamani! Na mkipanda, msihame na nyumba mkaacha sakafu.”

Jana alimwita mama wa dawati la nyuma, aliyeshindwa mtihani mara mbili. Akampa swali: kipeo, x kutoa tatu; mwishoni, jumlisha mbili. Mama akausogeza waya kulia miraba mitatu ya ubao, akaupandisha miwili, akageuka kurudi kukaa. Mwalimu akafumba macho. Mama akasita, akarudi, akaupandisha uzi mwekundu miraba miwili. Darasa zima likalipuka kwa vigelegele. Mwalimu, mtu asiyejua kusifu, akamkabidhi pini zote, akaenda kuketi dawati la nyuma na kunyoosha mkono. “Mwalimu,” akamwambia mama, “nina swali.”