Aliyezikwa Ameketi

Jana jirani aliwasha kijiti cha udi, na harufu ilipopenya dirishani nikaiona tena sebule ya mwalimu wetu wa sayansi.

Alikuwa mtu wa Seiloni, Sri Lanka ya leo, Mbudha pekee katika shule ya misheni, miaka ile bendera yetu ilipokuwa bado mpya. Nyanya alinichukua tumpelekee kuku wa shukrani. Mezani, nyuma ya moshi wa udi, palikuwa na sanamu ya shaba: mtu ameketi, miguu ameikunja, macho ameyafumba. Nyanya akapiga magoti, akaiamkia, kisha akatulia kana kwamba anangoja iitikie.

"Huyu ni mtu wenu aliyekufa?"

"Ni mwalimu wetu, mama. Alikufa zamani sana."

"Na mkamwacha aketi." Nyanya alitikisa kichwa. "Baba yangu tulimzika ameketi hivi, ili atusikie tukimwita. Halafu padri akaja. Ametujengea shule na zahanati, watoto wanasoma. Lakini wafu wetu amewalaza wote. Siku hizi nikiita, hakuna anayeitika."

Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini moshi ulipinda taratibu ukamwelekea Nyanya.

Mvua zilipoanza, asubuhi moja tulimkuta Nyanya mkekani ameketi, miguu ameikunja, macho ameyafumba, mwili umeshapoa. Jeneza la misheni lilikuwa refu na jembamba. Wanaume wawili walimkandamiza magoti mpaka kifuniko kikafungika.

Katikati ya sala, kitu kiligonga kifuniko kutoka ndani.

Padri akapandisha sauti.